Bwawani: Anayenyonyesha afichwe, aliye uchi aachwe?



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake, maswahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu katika shule moja ya sekondari hapa Lushoto. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya hijabu na mipaka ya wanaume na wanawake huwa naifundisha kwa kujiamini. Aya nazijua, hadith nazijua, ubao naujaza. Desemba iliyopita nilitahiniwa katika mada hiyo hiyo nje ya darasa, nikafeli. Mtahini wangu alikuwa mke wangu. Naandika haya kwa sababu naamini sikufeli peke yangu, na kwa sababu kila likizo wengi wenu hupanda huku milimani na familia zenu.

Ilivyokuwa

Lushoto, kama mjuavyo, ni mji wa baridi. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakawa wanaukimbilia kukwepa joto la pwani. Leo wanaoukimbilia ni watu wa Dar es Salaam na Tanga. Wanaingilia Mombo, wanapanda kona za Soni, wanakwenda Irente kutazama nyika iliyolala chini ya majabali, wanatembea katika msitu wa Magamba, kisha wanarudi na mboga na matunda ya Wasambaa. Si vibaya. Allah (s.w) ametuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi tuangalie.

Kaka yangu naye alikuja na mkewe na watoto wao wanne. Siku ya pili watoto wakaomba kwenda kuogelea. Tukaenda kwenye hoteli moja yenye bwawa. Jina lake silitaji, kwani lililotokea pale lingeweza kutokea hoteli yoyote, na kosa kubwa lilikuwa langu.

Shemeji yangu alikuwa amevaa dera na taiti ndani, akitaka kuingia majini na binti zake. Mhudumu akamzuia. Akamwonyesha tangazo ukutani kwamba haingii mtu bila vazi maalumu la kuogelea. Shemeji akarudi akaketi. Mabinti wawili, mmoja ana miaka kumi na mwingine kumi na miwili, nao wakaketi kwa kuwa walivaa vivyo hivyo. Tulioingia majini ni mimi, kaka na watoto wa kiume. Mimi nilivaa bukta niliyoinunua mtumbani, inaishia katikati ya paja.

Mke wangu alikuwa na mtoto wetu wa miezi mitano. Mtoto akalia njaa. Mama yake akaketi kwenye benchi la pembeni, akageuka kidogo, akajitanda mtandio wake mpana, akamnyonyesha. Aliyekuwa na macho ya kawaida asingeona kitu ila mama na nguo. Lakini palikuwa na bwana mmoja upande wa pili, mwili wake wote ukiwa na chupi ndogo tu ya kuogelea. Akamwita mhudumu. Mhudumu hakumfuata mke wangu, alinifuata mimi. Akaniambia kwa adabu: "Mwalimu, samahani, mwambie mama akanyonyeshee kule ndani, kuna wageni wanalalamika." Kule alikokuonyesha kulikuwa na vyoo.

Ndugu zangu, nilikuwa na majibu kumi ya kumpa. Sikutoa hata moja. Niliona aibu mbele ya watu, nikatoka majini nikichuruzika, nikamfuata mke wangu nikamwambia: "Hebu nenda ndani kidogo, watu wanatazama." Akaninyanyulia macho, akainuka, akaenda. Hakusema neno. Alimaliza kumnyonyesha mtoto akiwa amesimama chooni, kwa sababu hapakuwa na pa kukaa.

Usiku, watoto walipolala, akaniuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Mwalimu, wewe ungekubali kwenda kulia chakula chako kule uliponipeleka?" La pili: "Pale bwawani, kati yangu na wewe na yule bwana, nani alikuwa uchi?"

Niligeuka nikaiona bukta yangu imeanikwa kwenye kamba. Sikuwa na jibu.

Aya ilianza na nani?

Kabla ya kuwalaumu wenye hoteli, tujilaumu sisi wanaume wa Kiislamu. Tumeigeuza mada ya stara kuwa mada ya wanawake peke yao. Fungua Suratun Nuur (24:30-31). Allah (s.w) anaanza na nani? Anamwamrisha Mtume wake awaambie waumini wanaume wainamishe macho yao na wazilinde tupu zao. Hilo ndilo la mwanzo. Ndipo inapofuata aya ya wanawake. Mimi nimeisomesha aya hii miaka mingi na sikuwahi kumwuliza mwanafunzi hata mmoja kwa nini mpangilio uko hivyo.

Sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu ni wafuasi wa madh-hab ya Imam Shafi. Katika madh-hab hayo uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na paja limo. Ipo hadith ya Jarhad (r.a) ambaye Mtume (s.a.w) alimpitia paja lake likiwa wazi, akamtaka alifunike kwa kuwa paja ni uchi (Abu Daud na Tirmidhi). Ni kweli wanachuoni wamekhitalifiana juu ya paja, na Imam Bukhari mwenyewe ameonyesha kwamba hadith ya Anas (r.a) ina isnad yenye nguvu zaidi, lakini ya Jarhad ndiyo yenye tahadhari zaidi. Basi mwalimu anayewahimiza wasichana wa kidato cha pili wachukue tahadhari katika ushungi wao, yeye mwenyewe tahadhari yake aliiacha wapi?

Si mara ya kwanza umma huu kukabiliana na mahali pa kuogea watu wengi. Zama za maswahaba, nchi za Sham zilipofunguliwa, Waislamu walizikuta nyumba za kuogea za watu wote. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w) kwamba anayemuamini Allah na Siku ya Mwisho asiingie huko ila kwa shuka ya kujisitiri (Tirmidhi na Nasai), na hapo wanaosemeshwa ni wanaume. Naye Bibi Aisha (r.a) aliwaonya wanawake waliomjia kutoka Sham juu ya nyumba hizo (Abu Daud na Tirmidhi). Kwa hiyo mafundisho ya mahali pa kuogea yapo, na yanawagusa wote wawili.

Kuogelea si upuuzi

Wapo watakaosema: basi dawa ni kutokwenda kabisa, Muislamu ana nini na bwawa? Naiheshimu hofu yao, lakini siikubali hoja.

Imepokewa katika hadith ya Nasai na Tabarani kwamba kila lisilokuwa la kumkumbuka Allah ni pumbao, isipokuwa mambo manne, na mojawapo ni kujifunza kuogelea. Jingine katika hayo manne ni mtu kucheza na ahali zake. Ama ile kauli mashuhuri ya kuwafundisha watoto kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi, ambayo mara nyingi tunaisikia mimbarini ikinasibishwa na Mtume (s.a.w), wanachuoni wa hadith wameidhoofisha kwa njia hiyo. Mashuhuri zaidi ni kuwa imetoka kwa Sayyidna Umar (r.a). Hilo tulisahihishe, lakini maana yake inabaki.

Na inabaki kwetu kuliko kwa wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Hapa kwetu hatuhitaji kusomewa takwimu. Mwaka 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, wakafa mamia, wengi wao akina mama na watoto. Julai 2012 ikazama MV Skagit, na Septemba 2018 MV Nyerere karibu na Ukara. Sisemi kwamba kujua kuogelea peke yake kungewaokoa wote. Ajal iko mikononi mwa Allah, na meli ikipinduka ghafla hata muogeleaji hufa. Lakini tumeamrishwa kuchukua sababu, na mtoto wa kike ana roho moja kama wa kiume.

Kaskazini mwa Unguja jambo hili limefanyiwa kazi. Kupitia mradi wa Panje, wasichana wa Nungwi na vijiji vya jirani wamefundishwa kuogelea na kuokoa anayezama. Mwaka 2016 mpiga picha wa Kimarekani, Anna Boyiazis, aliwapiga picha wanafunzi wa shule ya msingi Kijini wakijifunza baharini, na picha hizo zikatambuliwa katika mashindano ya World Press Photo ya mwaka 2018. Mabinti wale wamevaa mavazi ya kuogelea yaliyofunika mwili wote, na vichwa vimesitiriwa. Watu waliokuwa wakisema haiwezekani binti wa Kiislamu kuogelea na stara yake, jibu lilikuwa pale pale Unguja, majini.

Vazi gani?

Hapa nataka tuseme kwa uwazi, kwa sababu dada zetu wengi wanauliza na wanaogopa kuuliza.

Kwanza, tumtendee haki yule mhudumu. Lile tangazo lina sababu. Nguo ya pamba hutoa nyuzi na rangi, ikachafua maji na kuziba chujio. Tena ikilowa inakuwa nzito na kumvuta mtu chini. Dera, kanga na baibui havifai majini, na hasa kwa asiyejua kuogelea ni hatari kwa uhai wake. Ukitaka kuhakikisha, lowanisha baibui kwenye beseni kisha ulinyanyue kwa mkono mmoja.

Lakini vazi maalumu si lazima liwe chupi na sidiria. Mwaka 2004 mama mmoja wa Australia mzaliwa wa Lebanon, Aheda Zanetti, alibuni vazi aliloliita burkini, la kitambaa cha kuogelea kinachofunika mwili hadi kichwani. Vazi hilo likawa kesi Ufaransa. Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ililipiga marufuku, mpaka mahakama kuu ya utawala ya nchi ile, tarehe 26 Agosti mwaka huo, ikasimamisha marufuku ya mji wa Villeneuve-Loubet. Tuliwashangaa sana Wafaransa. Je, tumewahi kuwauliza wenye mabwawa ya hapa nchini kama wanalikubali?

Anayenunua au anayemshonesha fundi aangalie haya. Kitambaa kiwe cha nailoni au polista, kisichonyonya maji. Kiwe na rangi ya kukoza, maana nyeupe na rangi nyepesi zikilowa huonyesha mwili. Kabla hujalipa, kimwagie maji kidogo ukiweke juu ya mkono wako, ukiiona ngozi kirudishe. Liwe vazi la vipande viwili, suruali na gauni fupi juu yake linalofika karibu na magoti, na gauni hilo lifungwe kwenye suruali kwa vishikizo ili lisielee likapanda juu ukiwa majini. Ushungi uwe wa kuvuta, usio na pini wala ncha za kujinyonga. Anayenyonyesha achague lenye zipu mbele, ili asilazimike kuvua lote mtoto anapolia. Na akitoka majini ajisuuze kwa maji safi, ajikaushe, ajitande nguo kavu kabla ya kumpakata mtoto. Baridi yetu ya huku haimchezei mtoto.

Je, vazi hili likishapatikana, ruhusa imekamilika ya kuogelea mbele ya wanaume ajinabi? Hapana, tusidanganyane. Nguo yoyote ikilowa hushika mwili na kuuchora, na Mtume (s.a.w) ametuonya juu ya wanawake waliovaa nao wako uchi (Muslim). Kwa hiyo vazi ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mahali na wakati, yaani wanawake wawe na saa zao. Na hata wakiwa wao kwa wao mipaka ipo, kwani mwanamke haruhusiwi kutazama uchi wa mwanamke mwenzake (Muslim).

Katika hili Mtume (s.a.w) ametuachia mfano ambao ningependa kila mume ausome. Alikuwa safarini na Bibi Aisha (r.a). Akawataka watu watangulie mbele. Walipokwisha kutangulia, akashindana mbio na mkewe, na Bibi Aisha akamshinda. Siku nyingine akashinda yeye (Ahmad na Abu Daud). Tazama, ndugu msomaji. Hakumwambia mkewe asikimbie kwa kuwa pana wanaume. Aliwaondosha wanaume ili mkewe apate kukimbia. Sisi siku ile tulifanya kinyume. Wanaume tulicheza, wanawake wakakaa na taulo zetu mapajani.

Mama yangu, ambaye ni mzee wa Kisambaa aliyezaliwa na kukulia milimani huku, alipoisikia habari hii alicheka. Akasema wakati wao mto ulikuwa na hodi. Wanawake walikuwa na kidimbwi chao, wanaume chao, na mwanamume aliyepita njia ya mtoni alikohoa na kuita tangu mbali. Hapakuwa na tangazo ukutani. Stara ilikuwa ni kazi ya anayepita pia, si ya anayeoga peke yake.

Haki ya anayenyonya

Sasa turudi kwa mtoto wangu wa miezi mitano, aliyepelekwa kula chooni.

Kunyonyesha si jambo la aibu lililoruhusiwa kwa shida. Ni jambo lililotajwa ndani ya Qur'an kwa heshima. Katika Suratul Baqara (2:233) akina mama wanatajwa kuwanyonyesha watoto wao miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha, na hapo hapo baba anabebeshwa chakula na mavazi ya mama huyo. Katika Suratu Twalaaq (65:6), mama aliyeachwa akimnyonyesha mtoto wa mtalaka wake analipwa ujira. Mama yake Nabii Musa (a.s), katika wakati wa hofu kubwa, jambo la kwanza aliloamrishwa ni kumnyonyesha (28:7). Na Allah (s.w) alipotaka kutuonyesha ukali wa Siku ya Kiyama, ametaja kwamba siku hiyo kila anayenyonyesha atamsahau anayemnyonyesha (22:2). Maana yake hakuna fungamano lenye nguvu kuliko hilo, na halivunjwi ila na tetemeko la Kiyama. Sisi tunataka livunjwe na mgeni wa hoteli aliyekunja uso.

Tazama pia mwenendo wa Mtume (s.a.w). Alikuwa akiingia katika sala akikusudia kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kuchelea kumtaabisha mama yake (Bukhari na Muslim). Sala ya jamaa, imamu ni Mtume, na bado kilio cha mtoto kilisikilizwa. Yule mwanamke wa kabila la Ghamid, aliyekuja kukiri zinaa, hakusimamishiwa adhabu mpaka alipozaa na mtoto kupata haki yake ya kunyonya (Muslim). Na wanahistoria, akiwemo Ibn Saad, wanasimulia kwamba Sayyidna Umar (r.a) alikuwa akiwapangia watoto posho baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja akasikia mtoto analia bila kunyamaza. Alipouliza akaambiwa mama yake anamwachisha mapema ili apate posho. Umar akalia, na akaamrisha kila mtoto apangiwe posho tangu kuzaliwa. Kiongozi aliibadilisha kanuni ya dola kwa sababu ya mtoto mmoja aliyekosa ziwa. Mimi nilishindwa kumwambia mhudumu neno moja.

Wataalamu wa afya nao wanasema hayo hayo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto anyonye ndani ya saa moja ya kuzaliwa, miezi sita anyonye tu bila kitu kingine, kisha aendelee huku akila mpaka miaka miwili au zaidi. Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku moja, usiku na mchana. Piga hesabu. Mama anayeambiwa asinyonyeshe nje ameambiwa asitoke nyumbani kwa zaidi ya saa mbili au tatu. Asiende sokoni, asipande gari, asije darsani.

Na ajabu iko hapa. Panda gari kutoka Mombo kuja Lushoto. Mama ameketi kiti cha mbele na mtoto ziwani, amejitanda kanga, na hakuna anayegeuka. Nenda sokoni siku ya gulio. Mama anauza kabichi kwa mkono mmoja na mwingine ameshika kichwa cha mtoto anayenyonya. Hakuna anayelalamika. Ziwa ni lile lile, kanga ni ile ile. Kilichobadilika bwawani ni macho yetu, kwamba tumefika mahali ambapo mwili umewekwa kuwa maonyesho, na anayeutumia kwa kazi aliyoumbiwa ndiye anayeonekana mkosefu. Wala si Lushoto tu. Mei 2018 akina mama waliandamana jijini Nairobi baada ya mwenzao kueleza kuwa alifukuzwa mgahawani kwa kunyonyesha bila kujifunika.

Hukumu ya sheria ni nini? Mwanamke anaruhusiwa kunyonyesha popote anapokuwa, na mbele ya wanaume ajinabi anawajibika kusitiri kifua chake. Mtandio mpana, au nguo yenye mpasuo uliofichika, inatosha, bora asimzibe mtoto pumzi. Akishafanya hivyo ametimiza wajibu wake. Linalobaki ni wajibu wa mwenye macho. Katika Hija ya kuaga, mwanamke wa kabila la Khath'am alimjia Mtume (s.a.w) na swali la dini, na kijana Fadhl bin Abbas (r.a) akawa anamtazama. Mtume (s.a.w) alifanyaje? Aliugeuza uso wa Fadhl (Bukhari na Muslim). Hakumfukuza mama wa watu mwenye swali lake, aligeuza shingo ya mtazamaji. Siku ile pale bwawani palikuwa na shingo moja ya kugeuzwa, nami nikamwondosha mama.

Tuanzie nyumbani kwetu

Ni rahisi kumaliza kwa kuwasema wenye hoteli. Na tuwaambie, kwa adabu na kwa maandishi: wekeni saa za wanawake, hata asubuhi mbili kwa wiki, pamoja na mhudumu mwanamke na pazia. Kubalini vazi la stara lililoshonwa kwa kitambaa cha kuogelea. Wekeni kiti mahali safi kwa anayetaka kunyonyesha faragha, na anayetaka kukaa na watu wake asiondoshwe. Sisi ni wateja, tunalipa. Familia kumi zikiomba pamoja zitasikilizwa.

Lakini misikiti yetu je? Ni mingapi ina mahali pa mama kukaa na kumnyonyesha mtoto wakati wa darsa au baina ya sala? Mingi ina sehemu ya wanawake iliyo kama stoo, na mtoto akilia kipaza sauti kinatangaza kwamba akina mama wenye watoto watoke. Imamu anayetangaza hivyo anasali kwa kufuata sunna ya nani?

Na shule zetu za Kiislamu je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo mwajiri amruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi mpaka jumla ya saa mbili kwa siku. Serikali isiyokuwa ya dini imeiandika haki hiyo. Taasisi zenye Bismillah juu ya barua zao ziitekeleze bila kungoja mkaguzi. Kila msomaji mwenye nafasi kwenye bodi aulize kikao kijacho.

Mimi nimeanza na ya kwangu. Nilimwomba mke wangu radhi, tena mbele ya kaka na shemeji, kwa kuwa nilimkosea mbele yao. Ile bukta nimeigawa kuwa matambara, nikamwendea fundi anishonee nyingine inayopita magoti. Shemeji na mabinti wake wawili nao wameshonewa mavazi yao kwa kitambaa cha kuogelea, wameyachukua Dar es Salaam, na wametafuta mahali penye saa za wanawake ili wafundishwe. Na darasani, muhula huu, aya ya 30 nimeisomesha kwa kipindi kizima kabla sijaigusa aya ya 31. Wavulana hawakufurahi sana. Wasichana walinyamaza wakisikiliza.

Swali la pili la mke wangu sasa naweza kulijibu. Aliyekuwa amesitirika pale bwawani ni yeye. Aliyekuwa uchi ni mimi, wa paja na wa ujasiri.

Tumuombe Allah (s.w) atupe vazi la ucha Mungu, ambalo ndilo bora (7:26), atusitirie aibu zetu, awahifadhi wake zetu na watoto wetu, na atujaalie macho yanayoinama kabla hayajaamrishwa. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.